Wito Anaousikia Msafiri

Je, huruma inayomshika mtu awapo safarini katika nchi ya watu maskini ni wito utokao kwa Mwenyezi Mungu, au ni mtikisiko wa moyo tu, ambao hupoa mara arejeapo kwake? Swali hili huulizwa sana katika chuo cha dini ninakofundisha huku ugenini. Haupiti mwaka bila ya kijana mmoja au wawili, waliozaliwa na kulelewa katika nchi za starehe, kwenda likizo Afrika ya Magharibi au Bara Hindi na kurudi wakisema kwamba wameitwa. Wameona watoto wakichota maji ya dimbwi. Wameona mgonjwa akibebwa juu ya kitanda cha kamba maili nyingi kupelekwa zahanati. Na sasa masomo yamewawia machungu na chakula hakiwapiti kooni. "Maalim," huniambia, "nitakaaje hapa ilhali wale niliowaona wako kule?"

Swali hili lakuhusu nawe pia, ndugu msomaji, hata kama hujavuka mpaka wa nchi yako. Huenda wewe ndiwe mwenyeji ambaye msafiri huyo alifika kijijini kwako, akakutazama, akatokwa na machozi, kisha akasema kwamba Mungu amemtuma kwako. Mtu aliyeambiwa maneno mazito kama hayo anayo haki ya kujua kama ni kweli.

Kwanza tuseme lililo wazi: huruma si kitu cha kudharauliwa. Kila tuanzapo jambo jema twamtaja Mwenyezi Mungu kwa sifa mbili za rehema, na mtu apitaye penye njaa asihisi lolote ana maradhi mabaya kuliko yule aliaye bila ya kufanya kitu. Hata hivyo inafaa tujiulize kwa nini kijana yule hakuusikia wito huo katika mtaa wake. Katika mji huohuo wa chuo chetu wapo wazee wanaokufa peke yao vyumbani, majirani wasijue mpaka siku kadhaa zimepita. Wapo wanaolala chini ya madaraja wakati wa baridi kali. Kijana wetu amewapita mara mia akienda kupanda treni.

Sababu moja ni njema. Mazoea hupofusha, na ugeni hufumbua macho. Ndiyo maana Kurani Tukufu yatuhimiza mara kwa mara tutembee katika ardhi na kutazama. Lakini iko sababu nyingine ambayo si njema vile. Nyumbani yeye ni mtu wa kawaida: ana madeni, ana mwalimu anayemkaripia, ana ndugu wasiosemezana naye. Ugenini, kwa sababu tu aliweza kununua tiketi ya ndege, amekuwa mtu mkubwa. Watoto humkimbilia, wazee humpisha kiti. Nafsi ya mwanadamu hukipenda sana kiti hicho, na machozi anayolia mtu akiwa amekikalia si rahisi kuyajua yametoka wapi.

Hapa pana jambo ambalo aghalabu hatulitazami. Katika Sura At-Tauba yametajwa mafungu manane ya watu wanaostahiki kupewa zaka, na mmoja wao ni msafiri, yule anayeitwa kwa Kiarabu mwana wa njia. Amewekwa pamoja na fukara, na maskini, na mwenye deni. Yaani, kwa hesabu ya Kitabu cha Mungu, mtu aliye njiani ni mmoja wa wanaoweza kuhitaji msaada, tena mbali na mali aliyoiacha kwake. Hajui lugha, hajui maji gani ni salama, hajui ni nani msema kweli na nani mlaghai, amelala katika nyumba ambayo hakuijenga na anakula alichokilima mwingine. Kijana aliyekwenda kuwasaidia watu, ni nani aliyemtandikia kitanda? Ni nani aliyemchemshia maji, na kumkalia usiku kucha alipougua malaria katika juma la pili? (Malaria haikosi kuwapata, maana wengi wao huona haya kuulizia chandarua.) Ni walewale aliosema amekwenda kuwaokoa. Basi daftari lao na yeye limeanza kwa deni lake yeye.

Waswahili walikwisha kulisema jambo hili kwa njia yao: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Twautumia msemo huu kumcheka mgeni mvivu. Lakini angalia ni nani anayetoa jembe. Ni mwenyeji, kwani ndiye ajuaye shamba liko wapi, mvua zimefika wapi, na palilio la nani limechelewa. Mgeni ajaye na jembe lake mwenyewe akaanza kulima kabla ya kuonyeshwa, huenda analima juu ya kaburi la babu wa watu.

Sasa tumtazame msafiri mmoja ambaye Kurani Tukufu imetusimulia habari zake katika Sura Al-Qasas. Nabii Musa (a.s.) alipofika Madyan alikuwa mkimbizi. Alikuwa ameua mtu kule Misri pasipo kukusudia, wakubwa wa nchi wakawa wanashauriana kumwua, naye akatoka na hofu yake. Penye maji ya Madyan akakuta kundi la watu wakinywesha wanyama wao, na kando yao wanawake wawili wakiwazuia wanyama wao wasisogee. Hapo ndipo huruma ilipomshika. Tazama alilolifanya kwanza: aliuliza. Aliwauliza wana jambo gani. Hakujipa jibu mwenyewe, ingawa mtu angeweza kudhani mengi, kwamba labda ni watumwa, au wamefukuzwa, au wanyama wale si wao. Jibu alilopewa lilikuwa fupi na la heshima: hawanyweshi mpaka wachungaji waondoke, na baba yao ni mzee sana. Hawakuomba fedha. Hawakuomba wahamishwe Madyan, wala hawakumtaka awafundishe wachungaji adabu. Palihitajika mikono yenye nguvu kwa kitambo kidogo tu, nayo alikuwa nayo. Akanywesha.

Kisha akaondoka akaenda kivulini. Mimi kila niisomapo habari hii husimama hapa. Hakubaki akingoja kushukuriwa, wala hakuwaambia yeye ni nani, hali alikuwa amelelewa katika nyumba ya Firauni. Na huko kivulini aliomba, lakini hakuwaombea wale wanawake. Alikiri mbele ya Mola wake kwamba yeye mwenyewe ni mhitaji wa kheri yoyote atakayoteremshiwa. Mtu aliyetoka kusaidia sasa hivi alikuwa angali akikumbuka kwamba ni mwana wa njia. Ndipo mmoja wa wanawake wale alipokuja, akitembea kwa haya, kumwita kwa baba yake. Mzee yule, ambaye Kurani haikumtaja jina, akapatana naye kazi ya miaka minane, na akipenda aitimize kumi. Basi Musa, kijana wa jumba la mfalme, akakaa miaka hiyo akiwa mtu wa kuajiriwa, chini ya amri ya mwenyeji wake.

Wengi katika zama zetu wameanza safari kama ile ya Madyan wakaruka swali lile la kwanza. Mwezi wa Oktoba 2007, watu wa chama kimoja cha Ufaransa walikamatwa mjini Abéché, mashariki ya Chad, wakiwa karibu kuwapandisha watoto 103 katika ndege ya kwenda Ufaransa. Walisema ni mayatima wa vita vya Darfur. Wachunguzi walipokaa na kuzungumza na watoto hao, ikaonekana kwamba wengi wao walitoka katika vijiji vya Chad yenyewe, na walikuwa na wazazi walio hai. Wazazi wakaeleza kwamba waliahidiwa watoto wao watasomeshwa. Mwezi wa Desemba mahakama ya Chad ikawahukumu Wafaransa sita kazi ngumu ya miaka minane. Baadaye walirudishwa kwao, na mwaka 2008 Rais wa Chad akawasamehe. Sitaki kuamini kwamba wote waliohusika walikuwa wezi wa watoto. Kule Ufaransa zilikuwapo familia zilizokwisha kuandaa vitanda na nguo, na kwa vyovyote miongoni mwao walikuwapo waliolia kwa huruma ya kweli. Lakini huruma ambayo haikuuliza "una mama?" ilikaribia kumfanya mtoto mwenye mama kuwa yatima.

Yuko mtu aliyeliona jambo hili mapema sana. Mwezi wa Aprili 1968 padri Ivan Illich, aliyekuwa na kituo chake Cuernavaca nchini Mexico, aliwahutubia wanafunzi wa Marekani ya Kaskazini waliokuwa wakienda kujitolea katika vijiji vya Mexico. Aliwaambia kwa ukali kwamba wakipenda waje kutazama na kujifunza, ila wasije kusaidia, kwani hata lugha ya kutambua wenyeji wanawafikiria nini hawakuwa nayo. Hotuba hiyo yafaa isomwe na kila anayefunga mizigo. Hata hivyo naona Illich alivuka mpaka. Musa naye alikuwa mgeni asiyemjua mtu Madyan, lakini hakuishia kutazama. Kama kila msafiri angenyamaza kwa kuogopa kukosea, wanawake wale wangengoja mpaka jioni.

Na wito wa kweli humfikia msafiri. Wasomaji wengi wa gazeti hili wanaijua habari ya mwaka 1970. Hadhrat Mirza Nasir Ahmad, Khalifatul Masih wa Tatu (Mwenyezi Mungu amrehemu), alizitembelea nchi sita za Afrika ya Magharibi katika miezi ya Aprili na Mei, nazo ni Nigeria, Ghana, Ivory Coast, Liberia, Gambia na Sierra Leone. Alipokuwa Gambia alitiwa moyoni kwa nguvu kwamba wakati umefika wa kutumia angalau pauni laki moja kwa kuwahudumia watu wa nchi hizo. Kutokana na jambo hilo ulianzishwa mpango wa Nusrat Jahan, uliofungua hospitali na shule za sekondari katika sehemu zile. Msomaji ambaye si wa Jumuiya yetu hatulazimiki kubishana naye hapa kama ile ilikuwa ilhamu. Namwomba atazame tu jinsi wito ule ulivyofuatwa.

Aliyeusikia hakuwa mpita njia. Wahubiri wa Jumuiya walifika pwani ile tangu mwaka 1921, na kwa muda wa karibu miaka hamsini wenyeji walikuwa wamesema haja zao kwa lugha zao, kwa watu waliokula nao sahani moja. Wito ulipokuja ulikuta masikio yaliyokwisha kusikia mengi. Tena yeye mwenyewe hakusema, "Nabaki hapa nitibu wagonjwa," maana hakuwa tabibu. Alirudi London na kisha Rabwah, akatafuta madaktari na walimu, akawaomba watoe miaka ya maisha yao. Nayo Jumuiya ikasikia kwake kwamba fedha zitatoka wapi halikuwa jambo lililomtia wasiwasi. Wasiwasi wake ulikuwa kama sadaka ile itakubaliwa na Mwenyezi Mungu. Hofu ya namna hiyo mtu aliyelevywa na huruma yake hana, kwani yeye hudhani kwamba, maadamu moyo wake umeumia, sadaka yake imekwisha kukubaliwa.

Hata nje ya dini yetu upo mfano ambao haki yatutaka tuutaje. Tarehe 10 Septemba 1946, mtawa wa Kikatoliki aliyejulikana baadaye duniani kote kwa jina la Mama Teresa alikuwa katika treni akitoka Calcutta kwenda Darjeeling, akasikia ameitwa kuishi na mafukara. Wakati huo alikwisha kukaa India zaidi ya miaka kumi na mitano. Hakushuka kituo cha mbele. Alingoja ruhusa ya wakubwa wake mpaka mwaka 1948, kisha akaenda Patna kujifunza uuguzi kabla ya kuingia katika mitaa ya Calcutta. Nami naongeza jambo ambalo wapenzi wake hawapendi kulisikia: mwaka 1994 mhariri wa jarida la udaktari la London, The Lancet, aliizuru nyumba yake ya wanaokufa, akaandika kwamba wagonjwa hawakupewa dawa za nguvu za kutuliza maumivu. Lile swali la Madyan, "Mna jambo gani?", halikomi kuulizwa siku ya kwanza. Mtu aweza kuwa ameitwa kweli, akatoa umri wake wote, na bado mgonjwa aliye mbele yake akawa na haja ambayo hakuulizwa.

Hapa utaniambia, ndugu msomaji: je, anayezama mtoni tumhoji kwanza? La. Anayezama huvutwa, mwenye njaa ya leo hulishwa leo, na wala hapahitajiwi wito wowote ili mtu afanye hayo. Ni wajibu wa kila mwenye mkono. Niyasemayo yahusu ile hatua ya pili, mtu anapotaka kuingia katika maisha ya wengine na kuyapanga. Nimewaona pia walioyachukua maonyo kama haya wakayafanya ngao ya uchoyo wao: "Misaada huharibu watu," husema, kisha hufunga mkoba. Hao hawakuulizwa na Illich wala na mtu mwingine kuhusu yatima wa mlango wa pili, nao wanajua.

Kijana anijiapo na wito wake sijaribu kuuzima. Humtaka amwandikie mwenyeji aliyempa kitanda, amwulize kijiji kinahitaji nini, kisha anyamaze mpaka jibu lifike, hata likichukua miezi. Baadhi hukasirika, kwani wametaka kusikia "nenda". Mmoja aliandika. Yeye alikuwa amekwisha kuchora ramani ya madrasa na kuanza kuchangisha. Mzee wa kijiji akamjibu kwa adabu nyingi kwamba madrasa wanayo, chini ya mwembe, na mwalimu wake ni hodari. Isipokuwa pampu ya kisima imekufa tangu mwaka uliopita kwa sababu ya kipande cha mpira, na fundi ajuaye kuibadili yuko mbali. Kijana alihuzunika kweli. Ramani yake ilikuwa nzuri. Lakini likizo iliyofuata alikwenda kwa fundi wa mabomba wa mji huu, akakaa miguuni pake akishika spana, na nijuavyo aliyemkaripia zaidi maishani ni fundi yule, wala si sisi walimu wake.

Nanyi wenyeji, mnao wajibu ambao mara nyingi mnaukwepa kwa ukarimu. Mgeni akisema atajenga kitu msichokihitaji, mnaitikia, mnapiga makofi, mnamchinjia kuku, na akisha kuondoka mnacheka au mnalalamika. Kumwambia mgeni ukweli si kumvunjia heshima. Wale wanawake wa Madyan hawakumwambia Musa kwamba hawana shida, wala hawakumtungia shida ya kumfurahisha. Walisema ilivyo, kwa maneno machache, na kwa maneno hayo walimsaidia asikosee. Hii nayo ni sadaka, na maskini aweza kuitoa bila ya kuwa na senti moja. Ninyi mlioingia katika dini hii karibuni, na mnaotembelewa na ndugu kutoka nchi za mbali, msidhani kwamba kunyamaza mbele yao ni unyenyekevu.

Liko jambo jingine katika habari za Nabii Musa, ambalo huwasomea vijana hawa mwishoni kwa kuwa ndilo gumu kwao kuliko yote. Muda wake wa kazi ulipotimia, alisafiri na ahali zake, akaona moto upande wa mlima wa Tur. Akawaambia wangoje, huenda akawaletea habari au kijinga cha moto wapate kuota. Alikwenda kutafuta moto wa kuwapasha watu wake, na hapo ndipo alipoitwa. Wito ule haukumrudisha Madyan, ambako alikwisha kupendwa na kuheshimiwa. Ulimpeleka Misri, alikokimbia, ambako damu aliyoimwaga ilikuwa ikikumbukwa na ambako hapakuwa na mtu wa kumpisha kiti. Wala hakuupokea kwa shangwe. Alimwambia Mola wake kwamba aliua mtu miongoni mwao na anaogopa watamwua. Kisha akaomba apewe msaidizi, nduguye Harun, mwenye ulimi fasaha kuliko wake, ambaye hakuwa pamoja naye katika miaka ile ya Madyan.